Nondo Ikigonga Mwamba

Ndani ya bahasha yangu ya kaki mna vyeti vitano. Vinne vinasema nilihudhuria, kimoja kinasema ninajua. Tofauti ya maneno hayo mawili nimeitambua baada ya miaka mingi ya kusota, kwa hiyo mnivumilie nikisimulia kwa mzunguko.

Kwetu ni Mabatini, Mwanza, kule juu mlimani nyumba zilikobanana na mawe. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2012, ule mwaka watoto wa nchi nzima walianguka mtihani kwa wingi hadi serikali ikafuta matokeo na kuyapanga upya. Yalipopangwa upya, mimi nikabaki pale pale. Mama akasema angalau nijue kushika kitu, nisikae tu kibarazani.

Kitu cha kwanza nilichoshika ni cherehani. Mradi mmoja wa wafadhili ulikuja mtaani ukaandikisha wasichana ishirini na watano: miezi mitatu, nauli na chakula cha mchana juu yao. Cherehani zilikuwa nane. Mmoja anashona, wawili wanamwangalia mikono, na sindano ikikatika tunapiga stori mpaka mwalimu arudi kutoka mjini. Siku ya mahafali tulivaa sare tulizojishonea wenyewe, mgeni rasmi akahutubia kuhusu kujiajiri, tukapewa cherehani moja kwa kila watu watano.

Cherehani yenye wenyewe watano haina mwenyewe. Ikae kwa nani? Nani anunue mafuta? Wateja wakija wawili siku moja, fedha ni ya nani? Yetu ilikaa kwa mwenzetu mwenye chumba kikubwa, akaolewa, ikaondoka na vyombo vya ndani. Wala simlaumu. Tatizo kubwa lilikuwa jingine: kata moja ilipata mafundi cherehani wapya ishirini na watano ndani ya siku moja, wakati wateja ni wale wale, na hapo Mlango Mmoja gauni la mtumba lilikuwa linauzwa chini ya gharama ya kitambaa. Hakuna aliyewahi kutuuliza mtaani kwetu kunahitajika nini. Ilishaamuliwa kwamba wasichana hushona.

Baadaye watu wa mradi walirudi na kamera. Walipiga picha ya mwenzetu mmoja aliyekuwa na kibanda na wateja kweli. Kila mtu mtaani alijua kwamba mama yake alikuwa fundi cherehani kabla hata mradi haujazaliwa, na kibanda kilikuwa cha mama. Yule angeshona hata kama gari lao lisingepanda mlima wetu. Nilipoona ile kamera niliudhika tu, sikujua ninaudhishwa na nini hasa. Nilikuja kuelezwa baadaye na mteja, nikiwa juu ya ngazi.

Semina za ujasiriamali nitazipitia haraka kwa sababu ndivyo zilivyonipitia. Siku tano ukumbini, sabuni ya maji, batiki, mchanganuo wa biashara, soda na posho. Mwanza nzima ilijaa sabuni ya maji kwenye chupa za maji ya kunywa. Hata aliyetufundisha alikuwa anatuuzia ya kwake. Nilichotoka nacho ni kuandika daftari la mapato na matumizi, na hilo nakiri limenisaidia hadi leo. Lakini lingeweza kufundishwa asubuhi moja chini ya mwembe.

Ufundi umeme niliupata kwa njaa. Mwaka 2016 nilikuwa nabeba maji kwenye nyumba moja iliyokuwa inajengwa Buswelu. Fundi umeme wa pale, mtu mzima wa makamo, saidia fundi wake hakutokea. Akaniita, "Binti, unaogopa ngazi?" Nikasema siogopi. Akanipa tindo na nyundo, akachora mstari ukutani kwa chaki, akasema nichimbe njia ya bomba hadi kwenye mstari wa dari na nisivunje tofali. Jioni alinipa elfu tano na kuniuliza kesho nakuja saa ngapi.

Nikakaa naye miaka miwili. Hakuwa na ratiba ya masomo. Alifundisha kwa kukaripia na kwa kunyamaza. Swichi ya ngazi, ile unayowashia chini na kuzimia juu, alinionyesha mara moja tu: hizi nyaya mbili zinapokezana, huu mmoja unaleta moto, huu unapeleka kwenye taa. Kisha akaenda kunywa chai. Nilikosea mara nne, ya tano taa ikawaka, aliporudi akaizima, akaiwasha, akasema, "Haya, kusanya vyombo." Hiyo ndiyo ilikuwa mahafali yangu, na kwa kweli niliijali kuliko ile ya sare.

Kwa hiyo ukiniuliza wakati ule, ningekwambia mafunzo yote ya darasani ni kupoteza muda, kijana apelekwe kazini akafinyangwe na fundi. Nilikuwa nakula, namsaidia mama kodi, na mkono wangu ulikuwa umekuwa mwepesi. Wenzangu wa cherehani walikuwa wanasubiri mradi mwingine.

Mwaka 2018 fundi wangu alipata kazi Geita, upande wa migodini. Aliniaga Jumapili, Jumatatu hayupo. Na mimi, niliyekuwa na wateja hadi wa kuwakataa, nikajikuta sina hata mmoja. Wateja walikuwa wake. Hata simu walikuwa wanampigia yeye. Nilijua kazi, ila ujuzi wangu alikuwa akiujua mtu mmoja tu duniani, naye alikuwa ameshapanda basi.

Nakumbuka nyumba moja Nyasaka. Nilielekezwa na fundi ujenzi, nikaenda na begi langu la vifaa. Mama mwenye nyumba akanikaribisha vizuri, akaniletea kiti, tukakaa. Baada ya muda akauliza, "Sasa mwanangu, fundi mwenyewe anafika saa ngapi?" Nikasema fundi ni mimi. Akacheka kidogo, bila ubaya, akauliza kama nina cheti. Nikafikiria bahasha yangu: ushonaji, ujasiriamali, stadi za maisha, uongozi wa vikundi. Na hata angenikubali, umeme usingefika. Ukitaka TANESCO wakuunganishie, nyumba lazima isimamiwe na fundi au mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na leseni hiyo haitolewi kwa mtu mwenye mkono mwepesi tu. Inadai cheti cha ufundi kinachotambulika. Siku zote ni fundi wangu aliyekuwa anajua kwa kwenda kutafuta muhuri wa mwenye leseni. Mimi nilidhani ni mambo ya ofisini tu.

Tangu hapo nina kipimo changu. Watu hupima programu za ajira siku ya mahafali, wakijitahidi sana baada ya miezi sita. Mimi nataka kujua siku kazi ya kwanza inapokatika, mtu anabaki na nini mkononi. Maana kazi ya kwanza itakatika. Fundi atahama, mwajiri atafunga, mjenzi ataishiwa saruji.

Nilikaa karibu mwaka mzima kwa deiwaka na vibarua kabla ya kusikia tangazo la urasimishaji wa ujuzi. Ni mpango wa serikali kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, unaofanywa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa ajili ya watu kama mimi waliojifunza mtaani. Hawakuanzishi moja. Wanakupima unachokijua, wanakufundisha pale penye pengo, wanakupima tena, ukifaulu unapewa cheti. Nilikwenda nikiwa na kiburi, nasema ukweli. Miaka miwili ya tindo, mtu wa chaki atanifundisha nini?

Tulikuwa mafundi wa kila aina: waashi, wachomeleaji, mafundi magari, wengine wana mvi. Wanawake wa umeme tulikuwa wawili. Mtahini wangu alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia. Swichi ya ngazi nikaifunga huku naongea. Soketi, meni switchi, nyaya za moja na nusu kwa taa na mbili na nusu kwa soketi, yote sawa. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia nauli:

"Unaweka ethi kwa mteja, mlimani. Nondo ikigonga mwamba, unafanyaje?"

Hilo swali nililipenda, kwa sababu Mwanza ni mawe matupu na lilinitokea kila wiki. Nikajibu haraka, "Naikata."

Akaweka kalamu mezani. "Unaikata?"

Nikamweleza vizuri nikidhani hajaelewa. Nondo ina urefu wa futi nne. Ikizama futi moja ikagoma, unachukua msumeno wa chuma, unakata iliyobaki juu ya ardhi, unafunga waya wako, unafukia. Mteja haoni tofauti. Ndivyo fundi wangu alivyofanya siku zote, na ndivyo nilivyofanya.

Hakunikaripia. Akanichukua hadi uani, akaniuliza nadhani ile nondo kazi yake ni nini. Nikasema ni ethi. Akasema hilo ni jina, kazi yake nini? Nikanyamaza. Akanieleza: siku waya ukichubuka ukagusa bati la jokofu au pasi, umeme lazima upate njia ya kukimbilia ardhini kirahisi kuliko kupita kwenye mwili wa mama mwenye nyumba. Njia hiyo inatokana na nondo kushikana na udongo mwingi, wenye unyevu. Ukiikata umebaki na kipande kinachogusa kokoto. Ikigonga mwamba unahama sehemu, au unazamisha kadhaa na kuziunganisha, au unachimba shimo pana, unajaza mkaa na chumvi na kumwagia maji. Kisha unapima kwa kifaa. Humalizi kazi kwa kukisia. "Ukiikata," akasema, "umemuuzia mteja pambo."

Nililala vibaya wiki ile. Nilianza kuhesabu nyumba. Tatu nilizikumbuka barabara, za watu waliokuwa wameniamini. Nilipopata fedha kidogo nilirudi moja baada ya nyingine nikawaambia kuna marekebisho, nikazamisha nondo mpya kwa gharama yangu. Mmoja alishuku nataka kumtapeli, alinisimamia muda wote na fimbo ya mifugo mkononi.

Mtaani tunaimba sana kwamba kazi hufundishwa kazini. Ni kweli, lakini kazini hufundishwa pamoja na makosa ya kazini. Fundi wangu hakunificha kitu. Alinipa kila alichokuwa nacho, na hilo kosa lilikuwa mojawapo. Yeye naye alipewa na fundi wake. Darasa peke yake, bila mikono yangu miwili iliyokwisha kuota sugu, lingenipita kama lilivyonipita la cherehani. Ila pale mikono ilipokutana na sababu, wiki chache zilitosha.

Nilipata cheti, baadaye leseni ya daraja la chini. Mwaka uliofuata sikuwa nimejifunza kufunga taa vizuri zaidi kuliko nilivyofunga nikiwa na fundi wangu, lakini mtu nisiyemjua aliweza kuniita. Fundi mmoja akigombana nami, naenda kwa mwingine. Nimeshafukuzwa saiti mbili tangu wakati ule, moja kwa haki kabisa, na sikuwahi kukaa nyumbani zaidi ya wiki mbili.

Sasa yule mteja wa ngazi. Ni mhadhiri wa chuo hapa hapa Mwanza, nilikuwa namfungia nyaya nyumba yake, naye ni mtu wa kukaa chini ya ngazi na kahawa na kuuliza maswali. Nilipomsimulia ya bahasha yangu alisema, "Fundi, hayo yako watu wameyafanyia utafiti Uganda." Kesho yake akanichapishia kurasa. Kiingereza cha kurasa hizo kigumu, lakini yeye alinifafanulia.

Walichukua vijana zaidi ya 1,700 wasio na kazi. Kwa bahati nasibu, wengine wakapelekwa chuo cha ufundi miezi sita, wengine wakatafutiwa nafasi kwenye karakana ambapo mwenye karakana analipwa ruzuku awafundishe, wengine hawakupewa chochote. Fani zilikuwa kama zetu: umeme wa majumbani, uchomeleaji, mabomba, ushonaji, saluni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Wa karakana walianza vizuri, wakatangulia. Halafu wa chuo wakawapita. Kwa jumla kipato cha waliopangiwa chuo kilipanda kwa asilimia 34 kuliko wasiopewa kitu, cha waliopangiwa karakana asilimia 20. Sababu kubwa? Cheti. Wa karakana akipoteza kazi, ujuzi wake ulibaki ukijulikana na bosi wake wa zamani. Wa chuo alianguka akasimama tena, kwa sababu mwajiri mpya aliweza kusoma anachokijua.

Nilishuka ngazi nikaketi. Nilimwona fundi wangu anapanda basi la Geita.

Nikamuuliza kwa nini wapige bahati nasibu, si wangechagua tu wenye nia? Akaniuliza, yule mwenzenu wa kibanda, mradi ulimsaidia kiasi gani? Nikaelewa papo hapo kilichoniudhi kwenye ile kamera. Ukihesabu waliofanikiwa tu, unahesabu na mama zao na cherehani zao za zamani. Lazima uwe na wa kulinganisha nao, watu walewale ila hawakupata. Na ukilinganisha hivyo, matokeo huwa ya kuvunja moyo: mwaka 2017 mchumi mmoja wa Benki ya Dunia, David McKenzie, alikusanya tafiti za namna hii kutoka nchi zinazoendelea, akakuta kwamba kwa kila watu mia wanaopewa mafunzo ya ufundi, wanaopata kazi ambayo wasingeipata hata hivyo ni wawili au watatu tu. Wawili au watatu! Nilikumbuka hotuba zote za wageni rasmi nilizozipigia makofi.

Kuna la Kenya pia alilonipa mhadhiri ambalo lilinichoma. Huko magharibi waligawa vocha za kulipia chuo, na baadhi ya vijana wakaonyeshwa kwanza kila fani inalipa kiasi gani. Wasichana wengi walikuwa wanaamini ususi na ushonaji vina fedha, wakati fundi magari alikuwa anapata mbali zaidi. Walioonyeshwa takwimu, baadhi yao walihamia fani za kiume. Karatasi moja tu ya bei. Sisi ishirini na watano wa Mabatini hakuna aliyetuonyesha karatasi.

Na mitaji? Nimejaribu. Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, inataka kikundi. Kikundi chetu kilikufa ugomvi wa ndani, makosa yetu wenyewe, sitawasingizia watu. Mikopo yenyewe ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Yule mhadhiri aliniambia kaskazini mwa Uganda vikundi vya vijana vilipewa fedha mwaka 2008, karibu dola 380 kwa kila mmoja, wakanunua vifaa na kulipia mafunzo waliyoyachagua wenyewe. Baada ya miaka minne walikuwa wanapata asilimia 38 zaidi ya wenzao. Baada ya miaka tisa, wenzao walikuwa wameshawafikia kwa kipato. Sijui kama hiyo ni habari mbaya. Miaka kadhaa ya kula vizuri mapema si haba, ukiwa na watoto.

Mdogo wangu wa kiume alipata mafunzo ya uzoefu kazini baada ya stashahada. Anasema mwaka mzima alifungua majalada na kuchemsha chai. Lakini nafasi ilipotoka, kuna aliyemkumbuka. Kwake ule mwaka ulikuwa kama muhuri wangu, umegongwa upande mwingine.

Mwezi uliopita fundi wangu amerudi. Mkataba wa Geita umekwisha, goti linamsumbua, na wateja wake wa zamani wameshazoea kunipigia mimi. Alikuja jioni, nikamsalimia kwa shikamoo na kumpa kiti, akakaa muda mrefu akiangalia leseni yangu niliyoiweka kwenye fremu ukutani. Kisha akatoa kitambulisho cha NIDA na fomu ya urasimishaji iliyokunjwa mara nne.

"Nijazie, mwanangu. Macho yangu siku hizi si mazuri."

Nikajaza jina, mwaka wa kuzaliwa, miaka ya uzoefu. Tulipofika kwenye fani akanyamaza, halafu akauliza wanauliza maswali gani huko.

Nikamwambia, "Baba, upo mlimani. Nondo imegonga mwamba. Tunafanyaje?"

Akacheka. "Si tunaikata?" Akaniangalia usoni, kicheko kikapungua. "Hatuikati?"

Nikafunga kalamu, nikamwambia avae viatu twende nyuma ya nyumba. Shimo nilikuwa nimelichimba tangu juzi, na debe la mkaa lilikuwa tayari.